Uliza Kama Unatafuta Keja: Namna ya Kuupima Mji wa Ng'ambo Kabla Hujapanda Ndege

Mtu akikuonyesha chumba Pipeline, Embakasi, hukubali kabla hujauliza. Maji yanakuja siku gani? Tokeni za stima unanunua mwenyewe, au mita ni moja kwa ploti nzima? Dipoziti ni ya mwezi mmoja au miwili? Choo mnagawana milango mingapi? Matatu ya asubuhi unaipandia wapi, na mvua ikinyesha nauli inafika ngapi? Hata kijana aliyetoka kwao juzi anajua kuuliza hayo, na akisahau, jirani atamkumbusha. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akitajiwa Dubai, Doha au London, maswali yote humtoka. Anauliza mshahara tu, kisha anaanza kutafuta wa kumuuzia friji.

Makala haya ni ya mkazi wa Eastlands, awe wa Kayole, Dandora, Umoja, Makongeni au Donholm, anayepiga hesabu ya kwenda ng'ambo. Ni ya mzazi pia, anayeombwa auze kipande cha shamba ili mtoto asafiri. Sikusudii kumkataza mtu safari. Ziko nyumba za mawe vijijini na karo zilizolipwa kwa shifti za Doha, na mtaani hilo linajulikana. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kuupima mji tayari unao, kwa kuwa uliupata ukipanga nyumba Nairobi.

Picha zinatoka wapi

Majina ya mbali tumeishi nayo siku nyingi. Soko la Burma, kando ya Jogoo Road, limebeba jina la vita walivyopigana askari wetu chini ya Waingereza. Kayole ina Soweto yake. Kaloleni yenyewe, iliyojengwa miaka ya 1940, ilichorwa kwa mfano wa miji-bustani ya Uingereza: nyumba fupi za mawe, uwanja wa nyasi katikati, ukumbi wa kijamii. Nenda leo ulinganishe mchoro ule na vibanda vya mabati vilivyoota katikati ya nyumba, uone jinsi mji unavyoishi tofauti na ulivyochorwa.

Zamani mji wa ng'ambo ulikuja kwa kalenda ukutani, baadaye kwa rangi za nganya ya Buruburu. Sasa unakuja kwa simu, tena kupitia mtu unayemfahamu, mliyesoma naye Ofafa Jericho. Hapo ndipo ugumu ulipo. Tangazo la kampuni ungelishuku; rafiki yako humshuku.

Chukua video ya kawaida: kijana wa Umoja amesimama mbele ya Burj Khalifa, maji ya chemchemi yanacheza nyuma yake. Jengo hilo la mita 828 lilifunguliwa Januari 2010, na chemchemi iliyo chini yake hutazamwa bure. Ili kufika hapo kijana anahitaji treni ya metro tu, ambayo kwa kadi ya kawaida ya Nol ni dirhamu 3 hadi 7.5 kulingana na umbali. Yaani mtu anayelala chumba kimoja na wenzake wanane anaweza kuipiga video hiyo siku yake ya mapumziko, na hajadanganya neno. Siku nyingine sita hazikupigwa video.

Sisi wenyewe tumo katika mchezo huo. Picha ya Nairobi inayouzwa nje ni twiga wa mbuga ya taifa akiwa na maghorofa mgongoni, au KICC, lile jengo la duara lililokamilika mwaka 1973. Mgeni aliyeyaona hayo tu, umshushe Mutindwa jioni ya mvua, umwambie na hii ni Nairobi, atashtuka. Baadhi ya wanaokwenda Paris hupatwa na mshtuko wa namna hiyo. Daktari wa akili Mjapani, Hiroaki Ota, aliyekuwa akifanya kazi Paris, ndiye aliyeanza kuwaeleza miaka ya 1980 watalii wa kwao waliougua kabisa baada ya kukuta mji haufanani na waliouota.

Na ukiwa bado Paris, kuna jambo moja linaloweza kumchekesha mtu wa Pipeline. Sheria ya Ufaransa inataka chumba kikuu cha nyumba ya kupangisha kisipungue mita 9 za mraba, au kiwe na mita za ujazo 20. Chumba chetu cha futi kumi kwa kumi ni mita za mraba 9.3. Chini ya paa za maghorofa yale mazuri ya Paris wanaishi wanafunzi na wahudumu wa hoteli katika vyumba vya kipimo kile kile unachokikimbia, kwa kodi ambayo hapa ingelipa nyumba ya vyumba vitatu Buruburu.

Hesabu isiyofanywa

Kosa linalowagharimu watu wengi ni kuugeuza mshahara kuwa shilingi huku matumizi wakiyaacha bila kuyageuza. Tuifanye hesabu hadi mwisho, kwa London.

Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukifanya kazi saa 160 kwa mwezi unapata kama pauni 1,950 kabla ya makato. Zidisha kwa shilingi 170 na kichwa kitazunguka: zaidi ya 330,000, mshahara wa meneja wa Upper Hill. Wengi huishia hapo. Sasa endelea. Kodi ya mapato na bima ya taifa zikikatwa, mkononi zinabaki kama pauni 1,700. Chumba kimoja ndani ya nyumba ya kugawana, jikoni mnapishana, mara nyingi ni kati ya pauni 700 na 1,000, tuseme 850. Chumba cha bei hiyo hakiko katikati ya mji, kwa hiyo utahitaji kadi ya usafiri ya mwezi, na ya kanda ya 1 hadi ya 4 inapita pauni 200, tuweke 240. Zimebaki 610. Chakula, simu, sabuni, koti la baridi na viatu visivyopitisha maji bado. Mtu anayejibana sana anaweza kutuma nyumbani pauni 300, yaani shilingi 51,000.

Shilingi 51,000 kila mwezi ni pesa nzuri, na sitamcheka anayezitaka. Ila si 330,000. Aliyekopa nusu milioni ili afike huko atafanya kazi karibu miezi kumi kulipa deni tupu, kabla ya riba, na kabla ya mama kuona hata shilingi moja. Hesabu hiyo ifanyike mezani pamoja na familia nzima, kwa sababu wanaobaki ndio watakaoanza kulalamika mwezi wa tatu kwamba mtoto amewasahau.

Dipoziti nayo ina mambo yake. Uingereza sheria ya mwaka 2019 imeweka kikomo cha wiki tano za kodi kwa nyumba za kawaida, kwa hiyo anayekudai miezi mitatu kama dipoziti anavunja sheria. Kinachowakwamisha wageni ni karatasi: mwenye nyumba lazima athibitishe kwamba una ruhusa ya kukaa nchini, na wengi hutaka hati za mshahara za miezi iliyopita, au mdhamini mkazi wa huko. Aliyeshuka jana Heathrow mara nyingi hana hati hizo wala mdhamini. New York wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Ili upewe nyumba ya dola 1,500 lazima uonyeshe kwamba unaingiza dola 60,000 kwa mwaka. Ndiyo maana wageni huishia sebuleni kwa binamu.

Ghuba hesabu ni nyingine. Qatar iliweka kima cha chini Machi 2021: riyali 1,000 za mshahara, na mwajiri asipokupa makao aongeze 500, asipokupa chakula aongeze 300. Riyali moja ni kama shilingi 35, kwa hiyo 1,000 ni takribani shilingi 35,000. Hicho ndicho kiwango unachostahili kukijua kabla ajenti hajakutajia "laki moja bila jasho". Falme za Kiarabu, Dubai ikiwemo, hazijaweka kima cha chini kwa mfanyakazi mgeni wa kampuni binafsi; kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho utakachopata. Asiyepewa makao na mwajiri hupanga kitanda, si chumba. Deira, Bur Dubai au Satwa, kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu wengi mara nyingi ni dirhamu 500 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi 17,000 hadi 35,000. Kwa pesa hiyo Umoja ungepata chumba na sebule, na mlango wa kufunga.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ajenti halianzi na "nitalipwa ngapi". Muulize makao ni ya nani, yako wapi, mnalala wangapi, chakula ni cha nani, basi la kazini ni la nani, na kati ya hayo ni lipi limeandikwa. Likiwa mdomoni tu, lihesabu kama gharama yako.

Jina la mji na mtaa wenyewe

Anayesema "nakwenda Dubai" amesema kidogo kama anayesema "nakaa Nairobi". Runda ni Nairobi na Korogocho ni Nairobi. Wengi wanaofanya kazi Dubai hulala Sharjah au Ajman kwa sababu kodi huko ni nafuu, na asubuhi barabara ya kuingia Dubai hufungana kabisa. Ni kama kuishi Ruai na kuripoti Westlands. Wafanyakazi wa mjengo na usafi wamejaa makambi ya Muhaisnah, mahali ambapo wenyewe hupaita Sonapur, na ya Al Quoz. Hakuna mtalii anayepelekwa huko.

Omba jina la mtaa, si la mji. Ukishapewa, fungua ramani ya Google na uingie katika picha za barabarani pale zilipo. Tembea mtaani kwa kidole. Angalia madirisha yana nini, nguo zinaanikwa wapi, duka la karibu liko umbali gani, kituo cha basi kipo au hakipo. Kisha uliza programu hiyo hiyo safari ya kutoka pale hadi kazini inachukua muda gani, ukiweka saa ya kuanza shifti. Hiyo ni nusu saa ya bando, na itakuonyesha mengi kuliko video mia za mbele ya chemchemi. Tovuti za kupangisha vyumba zitakupa bei za mtaa huo huo. Soma zile za chini na za katikati.

Wakati mwingine mji uliotajwa sio mwisho wa safari. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imeonya mara kwa mara juu ya kazi za "Bangkok" za kuhudumia wateja kwa simu au kufundisha Kiingereza, zenye mshahara mnono na tiketi ya bure. Wakenya waliozifuata walipokewa uwanja wa ndege Bangkok, wakasafirishwa kwa gari saa nyingi hadi mpakani Mae Sot, wakavushwa mto kuingia Myawaddy, Myanmar, na kufungiwa katika maboma ambako walilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Makundi kadhaa yameokolewa na kurudishwa nyumbani. Picha za Bangkok zenyewe huwa za kweli. Ukipewa kazi, anwani ya ofisi iwe mji ule ule ulioandikwa kwenye viza, na mtu wako nyumbani aweze kukufuata kwenye ramani tangu unapotua. Simu ikionyesha unauacha mji ulioahidiwa, hiyo ni dharura, usingoje kufika.

London nayo ina mtego wake wa sasa. Kwa miaka michache kazi ya kuwahudumia wazee ilikuwa mlango mpana kwa Wakenya. Machi 2024 Uingereza iliwazuia wahudumu wapya kwenda na familia zao, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka nje ya nchi. Anayekuuzia leo "viza ya care" ya kutokea Nairobi anakuuzia mlango uliofungwa. Muulize tarehe hiyo uone anavyojikuna.

Saa na majira

Nairobi jua huzama muda ule ule karibu mwaka mzima, na hatujui bahati hiyo. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Unaingia kazini kungali giza na kutoka giza limeshaingia. Juni nako giza huja baada ya saa tatu usiku. Video nyingi za bustani za London hupigwa Juni na Julai. Dubai ni kinyume: video hupigwa kati ya Novemba na Machi, hewa ikiwa kama ya Mombasa jioni. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na serikali ya huko hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Sheria ya namna hiyo haiwekwi mahali ambapo joto ni la kawaida. Ukitazama video, angalia tarehe iliyopandishwa, kisha tafuta video ya mtaa huo huo ya mwezi ulio kinyume.

Wanaosema na wanaonyamaza

Kwa nini walioko huko hawasemi? Wengine wanaona aibu, kwa kuwa mtaa mzima ulichanga harambee. Wengine wanalipwa na ajenti kwa kila kichwa wanacholeta. Wengine wanaogopa. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, aliandika mtandaoni kwa jina la Noah juu ya vyumba vilivyojaa na maisha ya walinzi kule. Mei 2021 alikamatwa, akazuiliwa karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Aliondoka nchini humo Agosti mwaka huo. Kwa hiyo usidhani kwamba ukimya wa rafiki yako ni ushahidi wa raha.

Ukitaka ukweli kwa mtu aliyeko huko, usimuulize "kukoje?" kwa sababu atakujibu "poa tu". Muulize vitu vinavyohesabika: unalala wangapi, unatoka saa ngapi, siku ya mwisho kulipwa ilikuwa lini, pasipoti yako iko mkononi mwa nani. Mpigie video baada ya shifti umwombe akuonyeshe jikoni. Anayekataa kuonyesha jikoni mara tatu amekujibu. Na uliza zaidi ya mmoja, hasa waliokwisha kurudi. Pale Kariobangi au Eastleigh humkosi aliyerudi kutoka Jeddah au Muscat, na akikaa kwa chai bila haraka atasema, ya uchungu na ya faida.

Karatasi

Ajenti yeyote anayepeleka watu nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Orodha iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina kamili la kampuni, si jina la mtu aliyekupigia. Ofisi ya mtandaoni tu, au inayokutana na watu hotelini, iache. Kwa kazi za nyumbani Ghuba kuna mafunzo ya kabla ya safari chini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yenye makao Industrial Area, karibu sana nasi. Anayekwambia atakupa cheti bila kuhudhuria anakunyima kitu utakachokihitaji.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje utiwe saini na pande zote na kuthibitishwa na afisa wa kazi. Ni haki yako kumpelekea. Falme za Kiarabu sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na kumnyang'anya mtu pasipoti si halali huko. Pia si halali kufanya kazi kwa viza ya matembezi. Ukipewa viza ya matembezi na ahadi kwamba "itabadilishwa ukifika", jua kwamba siku ya kwanza kazini utakuwa umevunja sheria wewe, si ajenti.

Andika kwenye karatasi, kando na simu, nambari za ubalozi wa Kenya katika nchi unayokwenda: Abu Dhabi, Doha, Riyadh, London, na ule ubalozi mdogo ulioko Dubai. Simu huibwa, au mwajiri huishika. Nakala za pasipoti, viza, mkataba na jina la ajenti pamoja na nambari yake ya usajili ziachwe na watu wawili wanaokaa nyumba tofauti, mmoja wao awe mtu atakayeweza kuusoma mkataba na kuuelewa. Kubalianeni pia siku ya kupigiana simu kila wiki, na muda ambao ukipita bila habari zako, mtu huyo atakwenda NEA au Wizara ya Mambo ya Nje na nakala hizo mkononi bila kungoja kuambiwa.